Dar es Salaam hadi Nairobi: ndege, basi la Namanga au kupitia Mombasa?

Kati ya uwanja wa Julius Nyerere na ule wa Jomo Kenyatta kuna kilomita 665 hivi kwa mstari ulionyooka, na ndege ya jeti hukaa angani saa moja na dakika chache. Namba hizo mbili ndizo za kwanza kuonekana kila mtu anapotafuta, na ndizo zinazompotosha anayetaka kuchagua, kwa sababu hakuna abiria anayeishi pembeni ya njia ya kurukia. Cha kulinganisha ni mlango hadi mlango: tangu unapofunga geti la nyumbani Sinza mpaka unapotua begi South B. Kwa kipimo hicho ndege inashinda kwa mbali kati ya Dar na Nairobi, inatoka sare na gari kati ya Arusha na Nairobi, na kati ya Dar na Mombasa faida yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

| Safari | Mstari ulionyooka | Barabara | Ndege, uwanja hadi uwanja | Mlango hadi mlango kwa ndege | Mlango hadi mlango kwa gari |
|---|---|---|---|---|---|
| Dar–Nairobi | km 665 | km 900 na ushei, kwa mpaka wa Namanga | saa 1:15–1:30 kwa jeti | saa 6–7½ | saa 16–18 |
| Arusha/Moshi–Nairobi, kwa KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) | km 235 | km 275 kutoka Arusha | kama saa 1 | saa 5–6 | saa 5½–7 |
| Dar–Mombasa | km 315 | km 520 hivi | mara nyingi kwa kuunganisha | saa 8–11 | saa 11–13 |

Saa za gari ni za siku isiyo na mafuriko wala ajali njiani. Sikukuu za mwisho wa mwaka, ongeza saa mbili bila kufikiri.

Kwa nini barabara inazidi kwa kilomita 250

Ukichora mstari kutoka Dar hadi Nairobi, unapita karibu juu ya Korogwe, unakata mbuga ya Mkomazi, unavuka mpaka jirani na Taveta, kisha unakwenda moja kwa moja Nairobi. Kilimanjaro inabaki upande wa kushoto wa ndege, umbali wa kilomita 30 hivi kutoka kwenye mstari huo. Kwa hiyo anayetaka kuuona mlima achague kiti cha dirishani upande wa kushoto akienda, na wa kulia akirudi. Safari za asubuhi ndizo zenye bahati. Kuanzia adhuhuri mlima huwa umejifunika.

Basi nalo linaanza kwa kukimbilia magharibi hadi Chalinze, ndipo linageuka kaskazini kwenda Segera na Korogwe. Hapo basi na ndege ziko karibu mahali pamoja. Kisha barabara inafuata miguu ya milima ya Usambara na Upare, kupitia Mombo, Same na Mwanga, na ikifika Himo inaelekea tena magharibi, Moshi na Arusha, kabla ya kupanda Namanga. Kipande hicho cha Himo hadi Arusha ndicho kinachokula muda, kwa kuwa hakikusogezi Nairobi ila kidogo sana.

Wapo wanaouliza kama si afadhali kukata kona Himo na kuvukia Holili na Taveta. Lami ipo hadi Voi, lakini kutoka Voi hadi Nairobi kunabaki kilomita 330 za barabara ya Mombasa yenye malori mengi. Ukijumlisha, njia hiyo ni ndefu kuliko ya Namanga. Faida yake ni kwa anayekwenda Voi au Mombasa akitokea Moshi. Kwa anayekwenda Nairobi haina maana, labda Namanga ikiwa imefungwa na mafuriko. Mwenye gari binafsi anaweza kupitia Rombo hadi Tarakea, avuke Loitokitok na kutokea Emali. Ni njia fupi na tulivu, ila ni mpaka mdogo: hakikisha unafika mchana na karatasi za gari zimekamilika.

Jeti au pangaboi

Mashirika hayatumii ndege za aina moja kwenye njia hii, na tofauti inaonekana kwenye saa. Jeti kama Embraer 190, Boeing 737 au Airbus A220 hukimbia karibu kilomita 800 kwa saa zikiwa juu. ATR na Dash 8, zile za mapangaboi, ni kati ya 500 na 650. Kwa kilomita 665 hiyo ni tofauti ya dakika 12 hadi 30. Tiketi ikionyesha saa 1:20, ni jeti. Ikionyesha saa 1:45 na hakuna kituo katikati, ni pangaboi.

Dakika 20 si kitu cha kulipia zaidi. Kinachomgusa abiria ni makabati ya juu ya viti. Kwenye ATR ni madogo, na begi la magurudumu linaloingia vizuri kwenye jeti huchukuliwa mlangoni na kushushwa chini kwenye mizigo. Usipakie kompyuta, dawa wala pasipoti kwenye begi hilo ukidhani litakuwa kichwani pako.

Saa moja inavyogeuka saba

Hesabu ya kutoka Sinza au Mikocheni ni hii. Kufika uwanjani, saa moja hadi moja na nusu. Ukipita barabara ya Nyerere saa za watu kutoka kazini, zaidi. Kaunta za safari za kimataifa kwa kawaida hufungwa dakika 60 kabla ya kuruka, na kati ya mlango na kaunta kuna ukaguzi wa kwanza, kwa hiyo fika saa mbili na nusu kabla. Ndege yenyewe saa 1:20. Nairobi, kushuka, Uhamiaji na kusubiri begi ni dakika 45 hadi 60, na jeti mbili zikitua pamoja foleni inarefuka. Kisha mjini.

Safari za kimataifa za Dar ziko jengo la tatu la abiria, lililofunguliwa 2019. Dereva asiyekuelewa anaweza kukupeleka jengo la pili, na kati ya majengo hayo hutaki kukokota mizigo juani. Mwambie mapema: "Terminal three."

Upande wa Nairobi, barabara ya kulipia ya Expressway iliyofunguliwa 2022 imebadilisha kabisa hesabu. Kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands zinapita juu ya foleni ya zamani, na kutoka uwanjani hadi katikati ya jiji ni dakika 20 hivi. Ukipitia barabara ya chini jioni, kuanzia saa 11 hadi saa 2 usiku, hesabu saa moja na nusu. Muulize dereva kabla hujaingia garini kama ada ya barabara imo kwenye bei, maana mara nyingi haimo.

Wakati wa kurudi, abiria hushushwa garini kabla ya lango la uwanja wa Jomo Kenyatta (JKIA) na kukaguliwa kwa miguu huku gari likikaguliwa peke yake, halafu kuna ukaguzi mwingine mlangoni. Ukaguzi huo wa barabarani ndio unaowaponza waliozoea kufika Dar saa moja na nusu kabla. Nairobi fika saa tatu kabla. Angalia pia herufi ya jengo kwenye tiketi (1A, 1B, 1C na kadhalika). Mashirika hayatumii mlango mmoja.

Kuna kosa jingine linalowapata hasa wasemaji wa Kiswahili. Tiketi ikisema 00:45 Jumatano, hiyo ni saa 6 na dakika 45 usiku wa kuamkia Jumatano: unatakiwa uwe uwanjani Jumanne jioni. Kila mwezi kuna anayefika Jumatano usiku akakuta ndege yake iliondoka jana. Na 07:00 ni saa 1 asubuhi, si saa 7. Bahati nzuri nchi zote mbili zinatumia saa moja, hakuna cha kurudisha wala kusogeza.

Mbona tiketi ni ghali kwa safari fupi namna hii?

Kwa sababu ada za viwanja hazipimwi kwa kilomita. Tanzania hutoza dola 40 za huduma ya abiria kwa kila anayetoka nje ya nchi, iwe anakwenda Nairobi au Guangzhou, na Kenya nayo ina ada yake ya namna hiyo. Zote zimo ndani ya tiketi pamoja na ada za usalama. Kwenye safari ya bara jingine hazionekani. Kwenye safari ya saa moja ni sehemu kubwa ya bei. Ndiyo maana hata tiketi ya ofa haishuki chini ya kiwango fulani, na kusubiri "bei itashuka wiki ya mwisho" kwenye njia hii huwa ni kupoteza. Iliyo rahisi ni ile uliyokata wiki tatu au nne mapema, ya katikati ya wiki, kwenda na kurudi kwa shirika moja.

Jihadhari na tiketi mbili tofauti. Kama Nairobi ni kituo tu na unaendelea Ulaya au Asia, safari zote ziwe kwenye tiketi moja. Ukikata mbili za mashirika yasiyoshirikiana, utapita Uhamiaji wa Kenya, utachukua begi, utatoka na kuingia upya. Pangaboi ikichelewa saa mbili, shirika la pili halikupi pole, linakudai tiketi mpya.

Njia hii pia ina historia ya kusimamishwa na serikali. Agosti 2020 Tanzania ilizuia ndege za Kenya Airways, zikarejea Septemba. Januari 2024 ilitangaza tena kusitisha safari za shirika hilo kati ya Nairobi na Dar kuanzia tarehe 22, kwa mvutano wa haki za ndege ya mizigo ya Air Tanzania, jambo likamalizwa kabla ya tarehe hiyo. Mwenye kikao kisichoweza kuahirishwa asipuuze kujua basi linaondoka saa ngapi.

Basi la Namanga

Mabasi ya Nairobi huondoka Dar alfajiri, kwa kawaida saa 11 au 12. Stendi kuu ni Magufuli, Mbezi Luis, zaidi ya kilomita 20 kutoka Posta, ingawa baadhi ya kampuni hupakia pia kwenye ofisi zao za Shekilango na Urafiki. Uliza unapandia wapi hasa. Tiketi ikiandikwa "Dar" tu, haijakwambia kitu.

Kinacholichelewesha basi kinajulikana. Kutoka Kibaha hadi Chalinze barabara ni ya njia mbili na malori ya bandarini ni mengi. Mizani ya Vigwaza hupima mabasi pia. Kwenye vijiji kuna vibao vya 50, na askari wa tochi, wanaopima mwendo, wanawajua madereva wasiovisoma. Nje ya vijiji basi halitakiwi kuzidi 80, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hulifuatilia kwa kifaa cha satelaiti. Dereva anayekuahidi Nairobi kwa saa 12 anakudanganya au anataka kukuua. Kilomita 900 kwa wastani wa 65 ni saa 14 za mwendo mtupu, kabla ya chakula cha Korogwe na kabla ya mpaka.

Kwa mahesabu hayo basi la saa 12 asubuhi linaingia Arusha saa 10 au 11 jioni, Namanga saa 1 usiku, na Nairobi kati ya saa 4 na 6 usiku. Hapo ndipo tatizo: mabasi mengi hushushia maeneo ya River Road na Accra Road, na si mahali pa kutembea na begi usiku wa manane. Agiza teksi ya programu ya simu ukiwa bado ndani ya basi, au subiri ofisini kwa kampuni. Tangu 2023 mabasi ya usiku yameruhusiwa Tanzania, na kwa safari hii linaloondoka Dar jioni lina faida moja kubwa: linakufikisha Nairobi mchana. Hasara yake ni kwamba kipande cha Chalinze hadi Same unakipita gizani, na abiria wengi hawakipendi.

Namanga ni mpaka wa kituo kimoja, uliozinduliwa Desemba 2018. Maana yake ukienda Kenya huanzi jengo la Tanzania: unavuka hadi jengo la upande wa Kenya, dirisha la kwanza Uhamiaji wa Tanzania wanakugongea kutoka, dirisha la pili Kenya wanakugongea kuingia. Wanaokosea ni wale wanaopita dirisha la pili moja kwa moja, kisha wakirudi wanaulizwa mbona hawakugongewa kutoka. Basi zima huchukua dakika 45 hadi 90. Mizigo hushushwa na kukaguliwa. Kariri namba ya gari, si rangi yake tu, maana usiku mabasi matatu ya kampuni moja yanaweza kuwa yamejipanga pamoja.

Usibadilishe fedha kwa vijana wa nje ya geti. Mchezo wao ni hesabu ya haraka: kiwango ni kizuri, lakini idadi ya noti si ile uliyoambiwa, na basi liko karibu kuondoka. Badilisha kiasi cha teksi na chakula tu, kwenye duka lenye kibao.

Kwa anayetokea Arusha au Moshi

Hapa ushauri unageuka. KIA iko karibu kilomita 50 kutoka Arusha na 40 kutoka Moshi. Ndege iko angani dakika 40 hivi, lakini ukijumlisha barabara ya KIA, kufika mapema, Uhamiaji na kuingia mjini, ni saa tano hadi sita. Basi dogo la abiria, wanaloliita shato, hutoka Arusha mjini na kukuacha Nairobi mjini kwa saa tano na nusu hadi saba, likijumuisha mpaka. Kwa tofauti hiyo ndogo, kulipa mara kadhaa zaidi kuna maana kwa watu wa aina mbili: anayeunganisha ndege nyingine JKIA kwa tiketi hiyohiyo, na mgonjwa asiyeweza kukaa garini. Shato za asubuhi ni bora kuliko za saa 8 mchana, kwa sababu za mchana huingia Kitengela jioni, na foleni ya Kitengela hadi Athi River inaweza kumaliza saa nzima.

Kupitia Mombasa

Hii ni njia ya asiye na haraka au mwenye shughuli Mombasa. Dar hadi Tanga ni kilomita 350 hivi, Tanga hadi mpaka wa Horohoro kama 65, na kutoka Lunga Lunga, upande wa Kenya, hadi Mombasa 100. Basi huchukua saa 10 hadi 12. Kwa ndege, kilomita 315 za Dar–Mombasa mara nyingi huuzwa kwa kupitia Nairobi: 665 za kwenda na 425 za kurudi pwani, zaidi ya kilomita 1,000 kwa mahali ambapo mvuvi angefika kwa upepo mzuri.

Ukilala Mombasa, treni ya Madaraka Express, iliyoanza 2017, inakufikisha Nairobi kwa saa tano hadi sita. Kuna mtego wa pande mbili: stesheni ya Mombasa iko Miritini, nje ya kisiwa, na ya Nairobi iko Syokimau, nje ya jiji. Anayetoka Lunga Lunga kwa basi hupita feri ya Likoni, aingie kisiwani, kisha atoke tena kwenda Miritini. Mwenye gari binafsi hutumia barabara ya Dongo Kundu akaiepuka feri. Tiketi za treni hujaa mapema wikiendi na shule zinapofungwa, kwa hiyo usitegemee kukata siku hiyohiyo.

Karatasi

Mtanzania anahitaji pasipoti, au Hati ya Dharura ya Safari ya Uhamiaji. Kitambulisho cha NIDA hakitoshi. Kenya, Uganda na Rwanda ndizo zilizokubaliana kuvuka kwa vitambulisho, Tanzania haimo. Raia wa Afrika Mashariki haombi kibali cha mtandaoni ambacho Kenya ilikianzisha Januari 2024, lakini mkaazi wa Dar mwenye pasipoti ya Ulaya au Asia kwa kawaida anakiomba siku kadhaa kabla, hata kama anavuka kwa basi. Mkewe Mtanzania hamwombei kwa kusimama naye dirishani.

Cheti cha homa ya manjano beba njia zote, hasa kwa ajili ya kurudi Tanzania. Tangu 2016 chanjo moja ni ya maisha, lakini inaanza kuhesabika siku ya 10 baada ya kuchomwa. Anayechanja jana ili asafiri kesho amechelewa. Mwenye gari atadaiwa "kadi ya njano" nyingine kabisa, ile ya bima ya COMESA, na watu wameshapoteza saa nzima Namanga wakimwonyesha ofisa wa bima kadi ya chanjo. Pamoja nayo abebe kadi ya gari, na barua ya mwenye gari kama si lake.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019. Vitu vya njiani vitie kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa kabla ya kufika mpakani. Na sweta iwe juu ya begi: JKIA iko mita 1,624 juu ya bahari, na Julai saa 12 asubuhi baridi ya pale haimwulizi mtu kama ametoka Kariakoo.